Makanisa ya kale ya Uingereza yalijengwa kwa senti za wanakijiji

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nijibu makala mliyochapisha majuzi kuhusu ushirika mmoja wa hapa Nairobi unaochangisha fedha ili ujenge kanisa jipya kwa mtindo wa makanisa ya parokia ya Uingereza ya Enzi za Kati. Makala yenyewe iliandikwa kwa ufasaha, na mchoro wa mnara ulioandamana nayo ulivutia. Hata hivyo, mwandishi alisisitiza mambo mawili ambayo mtu aliyeishi kwa kazi ya ukadiriaji wa majenzi hawezi kuyanyamazia: kwamba makanisa yale yalijengwa kwa ukarimu wa wafalme na mabwanyenye, na kwamba uzuri wake ulitokana na ramani moja iliyochorwa na msanifu mmoja mwenye kipaji. La kwanza lina ukweli kidogo. La pili, kwa makanisa mengi ya vijijini, halina ukweli wowote, na kamati ya ujenzi inayoliamini inaweza kuwatwika waumini wake deni ambalo wajukuu wao watalirithi.

Kanisa la parokia la enzi hizo lina sehemu mbili ambazo hazikutegemea mfuko mmoja. Upande wa magharibi kuna ukumbi wa waumini, na mara nyingi mnara wa kengele nyuma yake. Upande wa mashariki, ambako waumini huelekeza nyuso zao wakati wa ibada, kuna sehemu ya madhabahu, ambayo kwa kawaida ni nyembamba na fupi kuliko ukumbi na imetenganishwa nao kwa tao kubwa. Katika karne ya 13 desturi ya malipo ilikuwa imekwisha kukomaa ikawa kanuni: wanaparokia wautunze ukumbi, na yule anayepokea zaka ya parokia aitunze sehemu ya madhabahu. Mpokeaji huyo wa zaka angeweza kuwa kasisi mwenyewe, lakini mara nyingi alikuwa nyumba ya watawa iliyo mbali, ambayo ilichukua sehemu yake ya nafaka na sufu za wanakijiji kisha ikamweka kasisi wa malipo ya chini aongoze ibada.

Matokeo ya mgawanyo huo yanaonekana hadi leo. Yako makanisa mengi ambayo ukumbi wake ni mrefu, mpana na wenye mwanga tele, ilhali sehemu ya madhabahu iliyoungana nao ni ndogo, ya chini, na imeutangulia ukumbi kwa miaka mia moja au mia mbili. Mwenye jicho la kisanaa ataliita jambo hilo mchanganyiko wa mitindo. Mkadiriaji ataona kwamba wanakijiji walilipa na mpokeaji wa zaka hakulipa. Kinyume chake kipo pia. Huko Heckington, katika Lincolnshire, sehemu ya madhabahu ya karne ya 14 ndiyo fahari ya kanisa zima, nayo ina kaburi la Pasaka, yaani mfano wa kaburi la Kristo, lililochongwa kwa mawe, pamoja na askari waliosinzia chini yake. Ilijengwa kwa fedha za kasisi Richard de Potesgrave, aliyekuwa kasisi wa nyumba ya mfalme. Hapo mwandishi wenu ana haki yake, ingawa hata fedha hizo zilipitia mkononi mwa yule ambaye kanuni ilimtaka alipe.

Wala mgawanyo huu si mambo ya makumbusho. Mwaka 2003 majaji wa Baraza la Malodi, ambalo wakati huo lilikuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, waliamua kwamba mume na mke waliomiliki shamba huko Aston Cantlow, katika Warwickshire, walipaswa kugharamia ukarabati wa sehemu ya madhabahu ya kanisa la kijiji hicho, uliokadiriwa kufikia takriban pauni 95,000, kwa sababu ardhi yao ilikuwa imerithi wajibu wa mpokeaji wa zaka wa kale. Wanaonunua viwanja huku kwetu wana balaa nyingi za kuhofia katika hati miliki, lakini angalau hiyo haimo.

Sasa wanakijiji hao walizitoa wapi fedha? Kwa bahati njema wazee wa kanisa, waliochaguliwa na parokia kusimamia mali yake, waliandika hesabu, na baadhi ya madaftari yao yamesalia. Daftari la Morebath, parokia ndogo ya Devon, liliandikwa na kasisi Christopher Trychay aliyehudumu pale kuanzia 1520 hadi 1574, yaani mwishoni kabisa mwa enzi tunazozungumzia na katika misukosuko iliyofuata. Kanisa hilo lilikuwa na kondoo wake, nao waligawiwa wanaparokia ili wachungwe pamoja na kondoo wao wenyewe. Sufu ilipouzwa, fedha ziliingia katika mfuko uliowekwa kwa jina la mtakatifu. Vijana wa kiume walikuwa na mfuko wao na wasichana walikuwa na wao, na wasimamizi wa kila mfuko walisimama mbele ya parokia kutoa hesabu. Msomaji aliyekulia katika ushirika wowote wa hapa kwetu, wenye kikundi cha akina mama, cha akina baba na cha vijana, kila kimoja na mweka hazina wake na manung'uniko yake, hatahitaji kuelezwa zaidi.

Katika sehemu nyingi za nchi, hata hivyo, mapato makubwa yalitokana na pombe. Wazee wa kanisa walitengeneza pombe ya shayiri, wakaalika kijiji chao na vijiji jirani, watu wakanunua na kunywa, na faida ikaenda kwenye paa, kengele au mnara. Hakuna askofu wa Nairobi atakayeidhinisha njia hiyo, nami siipendekezi kwa kamati yoyote. Naitaja kwa sababu inaonyesha ni nani hasa aliyekuwa akilipa: mkulima na mkewe, kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, na wengi wao walipokaribia kufa waliacha wosia wa senti chache au kipimo cha nafaka kwa ajili ya kazi ya jengo.

Matajiri walikuwapo, na sikusudii kuwafuta. Ila wale walioacha alama kubwa katika makanisa ya parokia ya karne ya 15 walikuwa wafanyabiashara wa sufu na vitambaa zaidi kuliko mabwana wa ngome. Huko Northleach, Gloucestershire, ukumbi wa waumini ulijengwa upya kwa fedha za John Fortey, mfanyabiashara wa sufu aliyefariki mwaka 1458, na bamba la shaba lililo juu ya kaburi lake linamwonyesha akikanyaga kondoo kwa mguu mmoja na furushi la sufu kwa mwingine. Huko Long Melford, Suffolk, majina ya waliochangia, akiwemo John Clopton, yaliandikwa nje ya kuta kwa herufi za mawe, juu kabisa chini ya paa, pamoja na ombi kwamba wapita njia waziombee roho zao. Sisi tuliozoea kibao cha marumaru kinachomtaja mgeni wa heshima wa harambee tusijidhanie kwamba ndio tuliovumbua mchezo huo; tofauti ni kwamba wale wa Melford walitaka dua, hawakutaka kura.

Hati ninayoipenda kuliko zote ni mkataba wa mwaka 1426 wa mnara wa Walberswick, kijiji cha wavuvi katika pwani ya Suffolk. Waashi wawili, Richard Russel wa Dunwich na Adam Powle wa Blythburgh, walikubaliana na wanakijiji kujenga mnara kwa shilingi 40 kwa kila yadi ya urefu, na zaidi ya hapo wapewe kipimo cha samaki aina ya heringi kila mwaka, pamoja na joho. Nimesoma kandarasi nyingi katika maisha yangu ya kazi na sijaona nyingine inayoweka samaki katika orodha ya malipo, lakini ukiitafakari utaona ni busara tupu: kijiji kilikuwa na samaki wengi na fedha taslimu chache. La muhimu zaidi kwa hoja yangu ni jinsi mkataba huo unavyoeleza umbo la jengo. Unaelekeza kwamba mnara ufanane na ule wa Tunstall, na kwamba mlango wa magharibi uwe mzuri kama wa Halesworth. Wanakijiji walitembea, wakatazama majengo ya jirani, wakaonyesha kwa kidole walichokitaka, na waashi wakajua maana yake. Malipo kwa yadi nayo yaliwaruhusu kusimama wakati wowote fedha zilipokwisha, bila kesi na bila mwanakandarasi kutoroka na malipo ya awali.

Jengo linalolipiwa kwa namna hiyo halizaliwi mara moja, na hapa ndipo mtu anayelitazama kama ramani moja anapopotea. Kanisa lilianza pengine kama chumba kimoja chenye kuta nene na madirisha madogo yenye matao ya duara, kama walivyojenga Wanormani, wale watu wa kaskazini mwa Ufaransa, baada ya kuiteka Uingereza mwaka 1066. Watu walipoongezeka, au ilipotakiwa nafasi ya madhabahu za pembeni, upande mmoja ulitanuliwa: ukuta wa zamani ulitobolewa, nguzo na matao yakapachikwa katika matundu hayo, kisha ukuta mpya ukajengwa nje zaidi. Ndiyo maana katika baadhi ya makanisa ukuta ulio juu ya matao ni mkongwe kuliko nguzo zinazoubeba, jambo ambalo mwanafunzi wa ujenzi huliona kuwa haliwezekani hadi aelezwe walivyoegemeza kazi yao kwa magogo, tundu moja baada ya jingine. Upanuzi huo uliutia ukumbi giza, kwa hiyo kizazi kilichofuata kiliinua kuta za katikati na kupanga safu ya madirisha juu ya matao. Paa la mwinuko mkali likaondolewa, likaja la mteremko mdogo lililofunikwa kwa mabamba ya madini ya risasi, na hadi leo, kwenye uso wa mashariki wa minara mingi, utaona mstari wa pembetatu uliochongwa kwenye mawe, mahali lilipoegemea paa lililovunjwa karne nyingi zilizopita.

Majina tunayotumia leo kuzigawa enzi hizo za ujenzi yaliwekwa na msanifu majengo Thomas Rickman mwaka 1817, na yanamfaa mwanafunzi anayetaka kukadiria umri wa dirisha. Waashi wenyewe hawakuyajua. Wao walijenga kama ilivyojengwa katika siku zao, na hawakuona haya kubandika kazi mpya kwenye kazi ya zamani bila kujaribu kuzifananisha. Tauni ya 1348 na 1349 iliua watu wengi sana, waashi pia, na kazi zikasimama katika maeneo kadhaa. Katika ukuta wa mnara wa Ashwell, Hertfordshire, kuna maandishi ya Kilatini yaliyokwaruzwa mwaka 1350 na mtu aliyekuwa akiomboleza waliobaki kuliko waliokufa. Ujenzi uliporejea, ulirejea kwa madirisha makubwa ya mistari iliyonyooka na kuta nyepesi zaidi.

Niseme neno kuhusu tao lililochongoka, kwa kuwa ndilo linaloonekana kuipendeza kamati ile kuliko chochote. Tao la duara lina tabia moja inayomkera mwashi: upana wake ndio unaoamua urefu wake. Tao lililochongoka halina sharti hilo. Nguzo zikiwa karibu au mbali, kilele kinaweza kuwekwa palepale, na uzito unateremka kwa mwinuko zaidi badala ya kuzisukuma kuta nje kwa nguvu ileile. Nguzo fupi za kuegemeza zilizopangwa nje ya kuta zipo kwa ajili ya msukumo uliobaki. Katika mchoro wa makala yenu, kila dirisha limechongoka kwa juu, lakini ukichunguza utaona kwamba juu yake unapita mkanda wa zege lenye nondo, ambao ndio utakaobeba ukuta wote. Tao hapo halina kazi, na nguzo za kuegemeza zilizochorwa ubavuni hazina cha kuegemeza. Nondo na zege si dhambi, na mimi mwenyewe nimezihesabu kwa tani. Lakini kuzificha nyuma ya umbo lililozaliwa na mawe na chokaa ni kulipa mara mbili kwa kazi moja, na sijui mkadiriaji gani aliyetia saini hapo.

Mawe nayo yaliamua mengi. Kusafirisha mawe mazito kwa mikokoteni ya ng'ombe kulikuwa ghali mno, kwa hiyo parokia iliyo mbali na mto ilijenga kwa kilichokuwa chini ya miguu yake. Mawe mazuri ya machimbo ya Barnack yalisafiri kwa mashua hadi kwenye nchi ya mabwawa isiyo na mawe; lakini Norfolk, ambako ardhi hutoa gumegume tu, yaani vijiwe vigumu vinavyopasuka kama kioo, wajenzi walizusha minara ya mviringo, na maelezo yaliyozoeleka ni kwamba gumegume haliwezi kuchongwa pembe na mawe ya pembe yaligharimu fedha za kuagiza kutoka mbali. Minara hiyo ipo zaidi ya mia moja katika jimbo hilo moja. Anayejenga Nairobi leo anaagiza mawe ya Ndarugu yaliyokatwa kwa mashine na kuletwa kwa lori, na bei ya lori anaijua. Basi asistaajabu kwamba jengo lake haliwezi kutoka na sura ya Suffolk.

Makala ilisifu pia "mawe matupu" ya ndani ya makanisa ya kale na kusema kanisa jipya litaachwa hivyo bila lipu, kama yale ya asili. Hili ni kosa la kawaida. Kuta za ndani za kanisa la parokia la Enzi za Kati zilipigwa lipu ya chokaa na kuchorwa picha za rangi, na juu ya lile tao kubwa la kuelekea madhabahuni mara nyingi palichorwa Siku ya Hukumu, wema wakipanda kuume na waovu wakiburutwa kushoto. Picha hizo zilifunikwa kwa chokaa katika karne ya 16, yalipokuja Matengenezo ya dini. Mawe yaliyo wazi tunayoyaona leo katika makanisa mengi ni kazi ya wakarabati wa karne ya 19, waliokwangua lipu wakiamini kwamba wanarudisha ukale. William Morris, msanii na mwandishi wa Kiingereza, alichukizwa na ukarabati wa namna hiyo kiasi cha kuanzisha, mwaka 1877, chama cha kulinda majengo ya kale. Kanisa kuu la All Saints la hapa Nairobi, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1917 na ujenzi wake ukakamilika 1952, lilichorwa na Temple Moore, msanifu wa Kiingereza aliyelelewa katika mapenzi hayo ya karne ya 19. Ni jengo zuri. Lakini anayetaka kuiga Enzi za Kati kwa kulitazama hilo anaiga nakala.

Hapo Suffolk kuna kijiji kiitwacho Wenhaston. Mwaka 1892, wakati wa ukarabati, mbao zilizokuwa zimepakwa chokaa zilibanduliwa juu ya tao na kutupwa nje uani. Mvua ikanyesha usiku, chokaa ikaoshwa, na asubuhi watu wakakuta Siku ya Hukumu nzima ikiwatazama kutoka kwenye rundo la takataka. Kamati za ukarabati zina tabia yake kila mahali.

Na kwa kuwa tumeitaja chokaa, Mhariri, elimu hii haitoki ng'ambo pekee. Mafundi wa Lamu na wale waliojenga Gede walichoma matumbawe wakapata chokaa, wakajenga na kupiga lipu kwayo, na kuta zao zilipumua unyevu ukaingia na kutoka. Waashi wa Uingereza walichoma mawe ya chokaa kwa sababu ileile. Huko kama huku, uharibifu mkubwa wa kuta za kale ulianza pale simenti ngumu ilipopakwa juu yake, maji yakanaswa ndani, na jiwe likaanza kumomonyoka nyuma ya lipu inayong'aa. Ikiwa katika Kaunti ya Nairobi kuna ushirika wenye kanisa la mawe lililojengwa kwa chokaa na unafikiria kulipiga simenti, umtafute fundi kutoka pwani kwanza.

Kuhusu ushirika uliotajwa katika makala, nimesoma kwamba utaanza na mnara, kwa sababu mnara ndio utakaoonekana kutoka barabarani na kuvutia wafadhili. Wajenzi wa kale walioanza kanisa jipya kwa kawaida walianza na sehemu ya madhabahu ili ibada iendelee, kisha ukumbi, na mnara ukaja mwishoni. Huko Louth, Lincolnshire, kilele cha mnara kilianza kujengwa 1501 kikamalizika 1515, kanisa lenyewe likiwa limekwisha kutumika kwa miaka mingi, na wazee wa kanisa waliandika gharama yake yote: pauni 305 na ushei, kwa kilele cha kanisa chenye urefu wa takriban mita 87 kutoka chini. Naiomba kamati ichapishe makadirio yake katika gazeti hili kwa namna hiyohiyo, sehemu baada ya sehemu, ikitaja jina la mfuko utakaolipia kila moja na kiasi kilichomo ndani yake sasa.

Mkadiriaji wa majenzi mstaafu,
South B, Nairobi